Kuielewa Saratani ya Koromeo la Juu: Mwongozo kwa Mgonjwa na Anayemuuguza

Saratani inayoanzia nyuma ya pua ni miongoni mwa magonjwa ambayo mgonjwa huweza kuzungushwa nayo kwa miezi kadhaa kabla hayajatambuliwa, na sababu kubwa ni mahali inapokaa. Mwenye nayo huenda hospitali akilalamikia sikio lililoziba, au tezi iliyovimba shingoni, au kichwa kinachouma, na kila moja kati ya dalili hizo ina sababu nyepesi zaidi ambayo daktari yeyote huifikiria kwanza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba ana ugonjwa huu, ndugu anayemuuguza, na pia yule mwenye dalili zisizoisha ambaye bado hajui aanzie wapi. Hauwezi kushika nafasi ya daktari anayekuona na kukupima. Kazi yake ni kukusaidia kuelewa anachosema na kumwuliza linalopasa kuulizwa mapema, wakati jibu lake bado lina faida.

Anza na mahali penyewe

Koo limegawanyika sehemu tatu. Ya kati ndiyo unayoiona mtu akiachama mbele ya kioo, nyuma ya ulimi, palipo na mafindo. Ya chini inapakana na zoloto, yaani kisanduku cha sauti, na mlango wa umio. Ya juu, ndiyo koromeo la juu, haionekani kwa kuachama hata kidogo, kwa kuwa imejificha nyuma kabisa ya pua, juu ya kaakaa laini, chini tu ya kitako cha fuvu. Ni chumba kidogo chenye upana wa sentimita chache. Kwenye kuta zake za pembeni, kulia na kushoto, yapo matundu mawili ya mirija inayopeleka hewa kwenye sikio la kati, na nyuma ya kila tundu kuna kibonde kiitwacho kishimo cha Rosenmüller. Humo ndimo saratani hii inamoanzia mara nyingi kuliko mahali pengine popote.

Ukiishika ramani hiyo kichwani, karibu dalili zote zitajieleza zenyewe. Uvimbe ukisukuma mrija wa sikio, sikio linaziba. Ukikua kuelekea mbele, pua inaziba au inatoa damu. Ukipanda juu, unakutana na mishipa ya fahamu inayopita kwenye kitako cha fuvu kwenda machoni na usoni. Na kwa kuwa eneo lote lina mishipa mingi ya limfu (majimaji yanayobeba seli za kinga ya mwili), seli za saratani hufika mapema kwenye tezi za shingo, mara nyingi kabla mgonjwa hajahisi chochote puani.

Hapo ndipo swali la kwanza kwa daktari linapopatikana: saratani hii imeanzia sehemu ipi hasa ya koo? Watu wengi huambiwa tu kwamba wana saratani ya koo, wakaenda kusoma habari za saratani ya zoloto au ya mafindo, wakaogopa kuondolewa kisanduku cha sauti au wakajilaumu kwa pombe ambayo pengine hawajawahi kuinywa. Saratani ya koromeo la juu ina visababishi vyake na tiba yake. Saratani ya sehemu ya kati ya koo, kwa mfano, huhusishwa zaidi na virusi vya papiloma (HPV), ilhali hii ya juu inahusishwa hasa na kirusi kingine kabisa. Kwenye zoloto, upasuaji ni njia ya kawaida ya tiba, na huku juu tiba ya mwanzo karibu daima ni mionzi. Ukijua jina kamili la ugonjwa wako utajiepusha na hofu nyingi zisizokuhusu.

Nani huupata, na kwa nini

Kwa hesabu ya dunia nzima, ugonjwa huu ni adimu. Mwaka 2020 ulikadiriwa kuwapata watu wapya wapatao 133,000 na kusababisha vifo takriban 80,000, wakati saratani ya matiti na ile ya mapafu kila moja ilizidi wagonjwa wapya milioni 2 mwaka huohuo. Hata hivyo haukugawanyika sawasawa. Zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wako mashariki na kusini-mashariki mwa Asia, hasa kusini mwa China katika jimbo la Guangdong na Hong Kong. Kiwango cha kati kinaonekana kaskazini mwa Afrika, katika nchi kama Tunisia, Algeria na Moroko, na pia miongoni mwa Wainuiti wa Greenland na Alaska. Katika sehemu nyingi nyingine za dunia haufikii mtu 1 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na uadimu huo wenyewe unachangia kuchelewa kutambuliwa, maana daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nao.

Wanaume huupata mara mbili hadi tatu kuliko wanawake. Wengi hugundulika wakiwa na umri wa miaka 40 hadi 60, lakini kaskazini mwa Afrika kuna kundi la pili la wagonjwa ambao ni vijana, wengine wakiwa bado katika umri wa kubalehe. Kwa hiyo tezi ya shingo isiyopungua kwa kijana haipaswi kupuuzwa kwa hoja kwamba ni mdogo mno kupata saratani.

Kisababishi kinachotajwa sana ni kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 na Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong ndani ya seli za uvimbe wa Burkitt, aina ya saratani ya limfu, zilizotoka Uganda. Kirusi hiki huambukizwa kwa mate, na zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanacho mwilini bila kujua, kwa kuwa aghalabu hukipata wakiwa watoto na kikatulia maisha yao yote. Katika aina za saratani hii zilizo nyingi kwenye maeneo yenye wagonjwa wengi, kirusi hicho hukutwa ndani ya seli za uvimbe. Lakini ikiwa karibu kila mtu anacho na wachache tu ndio wanaougua, ni dhahiri kwamba kirusi peke yake hakitoshi. Kinahitaji mambo mengine: urithi, kwani aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huu ana hatari mara kadhaa zaidi ya mtu mwingine, ulaji wa samaki waliohifadhiwa kwa chumvi kwa namna ya kusini mwa China, hasa tangu utotoni, uvutaji wa sigara, na kazi zinazomweka mtu miaka mingi kwenye vumbi la mbao au mvuke wa fomalini.

Jambo moja linahitaji kusemwa waziwazi, kwa sababu limewaumiza wagonjwa wengi bila sababu. Saratani hii haiambukizi. Hakuna haja ya kumtengea mgonjwa sahani au kikombe, wala ya kumnyang'anya mtoto anayetaka kumkumbatia. Kirusi kinachohusika tayari wanacho karibu watu wote nyumbani, na hakijawadhuru.

Dalili zinazostahili kuchunguzwa

Dalili inayowaleta wengi hospitali ni uvimbe shingoni, sehemu ya juu, karibu na pembe ya taya au nyuma yake kidogo chini ya sikio. Kwa kawaida hauumi, ni mgumu ukiubonyeza, na unaongezeka polepole. Takriban robo tatu ya wagonjwa au zaidi huwa tayari wana tezi zilizoingiwa na saratani wanapogundulika, na wakati mwingine pande zote mbili.

Ya pili ni sikio. Mtu mzima anahisi sikio moja limeziba kama aliyetoka kupiga mbizi, anasikia mvumo usiokwisha, na uwezo wake wa kusikia upande huo unapungua. Daktari akichungulia anaona maji yamejikusanya nyuma ya ngoma ya sikio. Kwa mtoto hali hiyo ni ya kawaida sana na mara nyingi hupita. Kwa mtu mzima ambaye hana mafua, tena ikiwa ni sikio moja tu na imekaa wiki kadhaa, haitoshi kumpa dawa ya matone na kumruhusu aende. Lazima mtu atazame nyuma ya pua.

Kwenye pua, dalili ni kuziba kwa upande mmoja, au makamasi yenye michirizi ya damu. Wagonjwa wengi hawatokwi damu puani kwa wingi. Wanachokiona ni hiki: asubuhi, baada ya kulala chali usiku kucha, wanavuta makamasi ya nyuma ya pua, wanatema, na mate yana uzi wa damu. Mchana damu hiyo haionekani tena, nao wanasahau. Ukiona hivyo zaidi ya mara moja mbili, iandike na uitaje kwa daktari hata kama umeenda kwa ajili ya jambo jingine.

Ugonjwa ukipanda kwenye kitako cha fuvu, huja maumivu ya kichwa yasiyotulia, ganzi usoni upande mmoja, au kuona vitu viwiliviwili kwa sababu jicho moja limeshindwa kugeuka kwenda nje. Wengine hushindwa kuachama. Dalili za aina hii zinataka uchunguzi wa haraka.

Ni kweli kwamba watu wengi wenye dalili moja kati ya hizi hawana saratani. Ninachoshauri ni kuangalia mambo mawili: je, dalili iko upande mmoja tu, na je, imepita wiki tatu bila kupungua? Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na dalili mbili zikikutana upande mmoja, mathalani sikio la kushoto limeziba na tezi ya kushoto imevimba, usingoje hizo wiki tatu.

Uchunguzi unavyofanyika

Kipimo cha kwanza ni kutazama kwa kamera. Unakaa kitini ukiwa macho. Daktari anakupulizia puani dawa ya ganzi na ya kufungua njia, ambayo ina uchungu fulani unaoshuka kooni na kukufanya uhisi huwezi kumeza vizuri. Hisia hiyo hupita baada ya muda mfupi. Kisha anaingiza mrija mwembamba unaopindika, wenye unene wa milimita 3 au 4, kupitia sakafu ya pua hadi nyuma. Unahisi msukumo na pengine macho yanatoa machozi, ila maumivu makali hayapo. Kwenye skrini huonekana matundu ya mirija ya masikio na vile vishimo nyuma yake, na daktari hulinganisha kulia na kushoto. Kishimo kilichojaa upande mmoja, au nyama inayotoa damu ikiguswa, ndicho anachokitafuta. Shughuli nzima huchukua dakika chache.

Akiona kitu cha kutilia shaka atachukua kinyama kidogo kwa ajili ya maabara. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba ni saratani, wala kuanza tiba, bila jibu la kinyama hicho. Damu kidogo puani baada ya hapo ni ya kawaida kwa siku moja au mbili. Ikiendelea kutiririka, rudi hospitali.

Tezi ya shingo inaweza kuchukuliwa seli kwa sindano nyembamba, na hilo halina tatizo. La kuepuka ni kukimbilia kuikata na kuiondoa tezi nzima kabla hakuna aliyetazama koromeo la juu. Kidonda cha upasuaji huo huvuruga njia za limfu shingoni na kutatiza mpango wa tiba utakaofuata. Ukiambiwa kwamba tezi itaondolewa, uliza kwa adabu ikiwa koo na sehemu ya nyuma ya pua vimeshatazamwa kwa kamera. Daktari mzuri hataudhika kwa swali hilo.

Baada ya kinyama kuthibitisha, huja picha. MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi uvimbe ulivyoenea kwenye nyama laini, mfupa wa kitako cha fuvu na mishipa ya fahamu, na wakati mwingine hugundua uvimbe mdogo uliofichika chini ya ngozi ya ndani ambao kamera haikuuona. CT au PET, aina nyingine za picha za ndani ya mwili, hutumika kutafuta kama ugonjwa umefika kwenye mifupa, mapafu au ini, ambako ndiko husambaa zaidi. Katika vituo vyenye uwezo, damu pia hupimwa kiasi cha DNA (chembe za urithi) ya kirusi cha Epstein-Barr, kwa sababu seli za saratani zinapokufa humwaga vipande vya DNA hiyo kwenye damu. Kiasi cha mwanzo huandikwa ili kilinganishwe na kitakachopatikana baada ya tiba.

Kipimo hicho cha damu kimejaribiwa pia kwa watu wasio na dalili. Huko Hong Kong, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima wanaume zaidi ya 20,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 62 na kugundua wagonjwa 34. Asilimia 71 kati yao walikuwa bado katika hatua ya kwanza au ya pili, ilhali kwa wagonjwa wa kawaida waliolinganishwa nao ni asilimia 20 tu. Matokeo hayo yanatia moyo sana kwa maeneo yenye ugonjwa mwingi na kwa familia zenye historia yake. Mahali ambapo ugonjwa ni adimu kabisa, kuwapima watu wote kungeleta majibu mengi ya hofu ya bure.

Kuisoma ripoti yako

Omba nakala ya ripoti ya maabara na ya picha. Utakuta herufi tatu, T, N na M, zikifuatwa na namba. T hueleza uvimbe wenyewe: T1 umebaki kwenye koromeo la juu au umesogea tu puani na sehemu ya kati ya koo, T2 umeingia kwenye nyama za pembeni, T3 umegusa mfupa, T4 umeingia ndani ya fuvu, kwenye mishipa ya fahamu, tundu la jicho au mbali zaidi. N ni tezi za shingo, zilivyo nyingi, kubwa na chini kiasi gani. M ni kusambaa mbali, na M0 maana yake haujasambaa.

Herufi hizo hujumlishwa kuwa hatua, na hapa kuna jambo ambalo limewachanganya wagonjwa wengi. Toleo la 9 la mfumo huu, lililoanza kutumika mwaka 2025, limebadilisha majina ya hatua. Tuchukue mgonjwa mwenye T4 N1 M0. Kwa toleo la 8 anaitwa mgonjwa wa hatua ya nne, kundi A. Kwa toleo la 9 ni wa hatua ya tatu, kwa kuwa hatua ya nne sasa wameachiwa wale tu ambao ugonjwa umesambaa mbali. Mwili wake haujabadilika hata kidogo. Kwa hiyo, kabla ya kulia au kushangilia kwa sababu ya namba ya hatua, uliza imepangwa kwa toleo lipi, na uziangalie herufi zenyewe. Neno "hatua ya nne" kwa toleo la zamani liliwahusu pia watu wengi waliotibiwa kwa nia ya kupona, na wakapona.

Ripoti ya maabara itataja vilevile aina ya seli: zenye keratini (protini ngumu kama ya kucha) au zisizo na keratini. Aina isiyo na keratini ndiyo iliyofungamana zaidi na kirusi cha Epstein-Barr, na kwa kawaida huitikia mionzi vizuri zaidi. Kipimo kiitwacho EBER kikisomeka kuwa chanya, maana yake kirusi kimeonekana ndani ya seli za uvimbe. Si habari ya maambukizi mapya.

Tiba

Watu huuliza mara moja kwa nini uvimbe hauondolewi kwa kisu. Mahali pake ni pa ndani mno, pamezungukwa na mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu, na pia ugonjwa wenyewe huyeyuka vizuri kwa mionzi kuliko saratani nyingi za kichwa na shingo. Kwa hiyo mionzi ndiyo nguzo ya tiba. Kwa wagonjwa wa hatua ya kwanza hutosha peke yake, na kwa mionzi ya kisasa zaidi ya 9 kati ya 10 wa hatua hiyo huwa hai miaka mitano baadaye.

Ugonjwa ukiwa umeenea zaidi lakini haujasambaa mbali, mionzi huambatana na sisplatini, dawa ya kuua seli za saratani inayotiwa mshipani kila wiki au kila baada ya wiki tatu. Faida ya kuunganisha tiba hizi mbili ilionyeshwa na jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1998. Baadaye, mwaka 2019, jaribio la China lililowahusisha wagonjwa 480 lilionyesha kwamba ukitanguliza mizunguko mitatu ya jemsitabini, dawa nyingine ya saratani, pamoja na sisplatini kabla ya mionzi, wanaokaa miaka mitatu bila ugonjwa kurudi hupanda kutoka asilimia 76.5 hadi 85.3. Uliza daktari wako kama utaratibu huo unakufaa. Sisplatini huweza kudhuru figo na masikio, hivyo kipimo cha figo na cha usikivu vifanyike kabla ya kuanza, na mvumo mpya masikioni utajwe mara moja, kabla ya dozi inayofuata.

Mionzi yenyewe huanza na maandalizi. Karatasi ya plastiki yenye matundu hulainishwa kwa maji ya moto, ikawekwa usoni na kuvutwa hadi mabegani ikiwa bado ina uvuguvugu, kisha ikaachwa ipoe na kukakamaa kwa umbo la uso wako. Barakoa hiyo hufungwa kwenye kitanda cha mashine kila siku ili kichwa kisisogee hata milimita chache, kwa sababu shina la ubongo, mishipa ya macho na tezi za mate viko karibu sana na eneo linalolengwa. Anayeogopa kubanwa aseme siku ya kuitengeneza, si siku ya kwanza ya tiba. Wataalamu wanaweza kukata tundu la macho, au kumpa dawa ndogo ya kutuliza. Mionzi haionekani wala haiumi ikipita. Kiasi cha kawaida ni grei 70 (grei ni kipimo cha mionzi), kikigawanywa katika vipindi 33 hadi 35, siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki saba.

Usikatishe vipindi hivyo kwa hiari yako. Seli za saratani zilizobaki huanza kuongezeka tena mapumziko yanaporefuka, na siku zilizopotea hupunguza nafasi ya kupona. Ukishindwa kufika kwa sababu yoyote, toa taarifa siku ileile ili wapange namna ya kufidia.

Kwa wale ambao ugonjwa umesambaa au umerudi, zipo sasa dawa zinazoamsha kinga ya mwili. Toripalimabu iliidhinishwa nchini Marekani mwezi Oktoba 2023 kwa ugonjwa huu. Ilipoongezwa kwenye jemsitabini na sisplatini, muda wa kati ambao ugonjwa ulikaa bila kuendelea ulipanda kutoka miezi 8.2 hadi 21.4. Na uvimbe mdogo uliorudi mahali uleule, ukiwa haujaenda mbali, wakati mwingine unaweza kuondolewa kwa upasuaji kupitia puani katika hospitali zenye mabingwa wa kazi hiyo. Penye maumivu au dhiki ya aina yoyote, tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso, iitwe mapema, sambamba na tiba nyingine.

Kinywa, chakula na taya

Sehemu hii ndiyo ninayoona haizungumzwi vya kutosha, na ndiyo inayoamua kama mgonjwa atamaliza tiba akiwa na nguvu. Kabla ya mionzi, nenda kwa daktari wa meno. Jino lililooza ling'olewe sasa, ikiwezekana wiki mbili kabla ya kuanza, ili fizi ipone. Baada ya mionzi, mfupa wa taya hupungukiwa na damu, na kung'oa jino ovyo kunaweza kuacha kidonda cha mfupa kisichofunga.

Kuanzia wiki ya pili au ya tatu, kinywa na koo huanza kuwa na vidonda, mate huwa mazito, na ladha ya chakula hupotea. Sukutua mara nyingi kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na magadi ya kuokea, tumia mswaki laini, epuka dawa za kusukutua zenye alkoholi. Dawa ya maumivu ichukuliwe nusu saa kabla ya kula, na kwa ratiba, kwa kuwa anayesubiri hadi maumivu yapande hushindwa kula mlo mzima. Pima uzito kila wiki. Ukishuka kwa kasi, mrija wa kulishia si dalili ya kushindwa. Ni njia ya kuuwezesha mwili kustahimili tiba. Hata ukiwa na mrija, endelea kumeza kidogokidogo kila siku, kwani misuli ya koo iliyokaa bila kazi husahau kumeza.

Taya nalo hukaza polepole, wakati mwingine miezi mingi baada ya tiba. Achama kadiri uwezavyo, shikilia kidogo, pumzika, rudia, mara kadhaa kwa siku. Tumia vidole vyako kama kipimo: ikiwa vitatu vilivyopangwa juu kwa juu vilikuwa vinaingia kati ya meno na sasa vinaingia viwili, mwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo mapema, kwa sababu taya likishakakamaa kulirudisha ni vigumu.

Baada ya tiba

Takriban miezi mitatu baada ya mionzi hufanyika kamera na MRI kuona kilichobaki. Picha ya mapema kuliko hapo hupotosha, kwa kuwa uvimbe ulioungua bado unajiyeyusha na eneo lote limevimba. Kama DNA ya kirusi ilipimwa mwanzoni, hupimwa tena. Ikiwa bado ipo, daktari atakufuatilia kwa karibu zaidi. Mahudhurio huwa ya mara kwa mara katika miaka miwili hadi mitatu ya mwanzo, ambapo ndipo ugonjwa hurudi zaidi, kisha hupungua. Maumivu mapya ya mgongo, kikohozi kisichoisha, au tezi mpya shingoni visisubiri tarehe ya kliniki.

Mengine hujitokeza taratibu. Ukavu wa kinywa hupungua kwa baadhi na kubaki kwa wengine, na meno yanayokosa mate huoza upesi, hivyo dawa ya meno yenye floridi iwe ya kila siku na daktari wa meno aonwe mara kwa mara maisha yote. Tezi ya dundumio (thyroid), ile ya mbele ya shingo inayotoa homoni, huweza kulegea baada ya mionzi: mtu anachoka, anahisi baridi, ananenepa, na watu wanamwambia ni mawazo tu. Kipimo cha damu cha homoni hiyo kila miezi 6 hadi 12 hugundua tatizo, na vidonge vya kila siku hulirekebisha. Kichefuchefu kisichoeleweka, mabadiliko ya hedhi au udhaifu wa jumla miaka kadhaa baadaye vinaweza kutokana na tezi iliyo chini ya ubongo, ambayo nayo ilikuwa karibu na njia ya mionzi.

Kabla hujafunga jalada lako hospitali, omba muhtasari wa tiba ulioandikwa: kiasi cha mionzi, maeneo yaliyopigwa, tarehe ya kuanza na kumaliza, dawa ulizopewa na jumla ya dozi zake. Tunza nakala mbili, moja kwako na moja kwa ndugu unayemwamini. Daktari wa meno atakayetaka kukung'oa jino miaka kumi ijayo atahitaji kuiona kabla hajashika koleo.